Baraza la madiwani au kamati ya usalama: suala la mwaloni lipitie mlango upi?

Mwalo, yaani ufuko ambako mitumbwi hutia nanga na samaki huuzwa, una shida. Sangara wachanga wanauzwa hadharani, kambini wamejaa watu wasiojulikana walikotoka, wachuuzi wameziba njia ya magari, au chama fulani kinataka kufanya mkutano karibu na soko. Mwenyekiti wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo), diwani au mtendaji wa kata ana milango miwili ya kubisha hodi. Wa kwanza ni wa kawaida: mkutano wa kijiji, kamati ya maendeleo ya kata, baraza la madiwani, na mahakama pale sheria ilipovunjwa. Wa pili ni kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, ambayo mwenyekiti wake ni mkuu wa wilaya, na ndani yake wamo polisi, usalama wa taifa, mshauri wa mgambo na vyombo vingine.

Mlango wa pili hufunguka upesi, ndiyo maana wengi huukimbilia. Msimamo wetu tuuseme mapema ili usisome kwa kuvizia: karibu hakuna suala la mwaloni linalofaa kupelekwa zima zima kwenye kamati ya usalama. Kinachofaa kwenda huko ni kile kipande chenye silaha, na mara nyingi ni kidogo kuliko kinavyoonekana siku ya hasira.

Maneno hutangulia doria

Suala halilali likiwa siasa likaamka likiwa usalama. Kuna ngazi. Mwanazuoni wa Denmark Ole Wæver, pamoja na Barry Buzan na Jaap de Wilde, walizieleza ngazi hizo katika miaka ya 1990. Kwao usalama ni tendo la kusema. Mtu mwenye sauti anataja kitu ambacho kikipotea tumekwisha: taifa, ziwa, amani. Anamtaja anayekitishia, kisha anaomba ruhusa ya kuuvuka utaratibu wa kawaida. Wasikilizaji wakikubali, ruhusa imepatikana. Wakikataa, yalikuwa maneno tu. Sisi kazi hiyo tunaiita kulivika suala magwanda.

Sikiliza tofauti, tukichukua timba, aina ya nyavu haramu. "Timba zinamaliza samaki, mapato ya mwalo yameshuka" ni kauli inayoita maswali: zinatoka duka gani, nani anazinunua, kwa nini mwenye nyavu halali anashindwa kushindana naye? "Hawa ni wahujumu, wanaliua ziwa na vizazi vyetu" haiiti swali lolote. Atakayeuliza ataonekana yuko upande wao.

Neno hilo "wahujumu" lina historia yake. Mwaka 1983, bidhaa zilipokuwa zimeadimika madukani, serikali ya Tanzania ilitangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Ikatungwa sheria maalumu na chombo maalumu cha kusikiliza kesi, bila dhamana na bila wakili. Sheria hiyo haikudumu; mwaka 1984 nafasi yake ilichukuliwa na sheria ya uhujumu uchumi tuliyonayo mpaka leo. Sabuni na nguo, lakini, zilirudi madukani kwa njia nyingine kabisa: mwaka huohuo wa 1984 wenye fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa walikozipata. Uhaba ulikuwa wa kanuni za biashara, na ulianza kulegea kanuni zilipolegezwa. Vita vikapita, neno likabaki, na leo anavikwa mvuta kokoro (wavu wa kukokota) wa Kayenze.

Mfaransa Didier Bigo ana maelezo mengine, na kwa wilaya zetu tunaona yana uzito zaidi. Anatuambia tusihangaike sana na hotuba. Tutazame kazi za kila siku za watu wa vyombo: orodha, doria, vikao, mafaili. Suala huwa la usalama kwa sababu wanaolishughulikia kila siku ni watu wa usalama, basi. Hapa kwetu njia hiyo ni fupi mno. Mkuu wa wilaya anayeongoza kamati ya usalama ndiye huyohuyo anayeongoza kamati ya ushauri ya wilaya, ile inayojadili maendeleo. Suala linahama meza kwa kubadilishiwa faili tu, bila tangazo wala hotuba. Diwani huja kujua siku anapoambiwa, "Hilo mheshimiwa lipo kwa vyombo." Ukiisikia sentensi hiyo, andika tarehe. Utaihitaji baadaye.

Kasi: tofauti ipo, ila si kubwa kama inavyodhaniwa

Baraza la madiwani hukaa kila robo mwaka. Sheria ndogo ya halmashauri hupita hatua nyingi: rasimu, tangazo kwa wananchi, kupokea pingamizi, kupitishwa na baraza, kuridhiwa na waziri, kisha kuchapishwa katika Gazeti la Serikali. Kamati ya usalama inaweza kuitwa usiku huu na doria ikatoka alfajiri. Ukilinganisha hivyo, hakuna mashindano.

Kosa liko kwenye kulinganisha. Kwa mambo mengi ya mwaloni huhitaji sheria mpya. Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake tayari zinakataza kokoro, timba na sangara wa chini ya sentimita 50. Ofisa uvuvi ana mamlaka ya kukagua na kukamata bila kusubiri kikao cha mtu yeyote. Kinachomkwamisha ni petroli ya boti na watu wa kwenda naye. Hilo ni suala la bajeti, na bajeti hupitishwa na baraza lilelile linalolaumiwa kuwa ni la mwendo wa kobe. Halmashauri inayokusanya ushuru wa samaki Kirumba au Igombe bila kurudisha kitu kwenye doria itaishia kuomba operesheni kila mwaka, kisha itashangaa.

Kijijini ni rahisi zaidi. Halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu wa kijiji unajadili na kupitisha, halmashauri ya wilaya inaridhia. Sheria ndogo inayosema mitumbwi yote itie nanga upande mmoja, ipakwe namba, na samaki wapimwe sehemu moja kabla ya kuuzwa, inawezekana kabisa kwa njia hii. Tena watakaoisimamia ni haohao walioinyoshea mikono.

Ushahidi, faini na moshi wa nyavu

Hapa ndipo milango miwili inapotofautiana kweli.

Kwa njia ya kawaida, ofisa uvuvi akikamata nyavu anaziandika: idadi, aina, ukubwa wa jicho, mahali, saa, jina la aliyekutwa nazo. Anatoa hati ya kukamata mali, shahidi anatia saini. Mtuhumiwa ama anafikishwa mahakamani, ama anakiri kwa maandishi na kosa lake linafifilishwa, yaani analipa badala ya kushtakiwa. Malipo yanaingia kwa kontroo namba na risiti inatoka. Nyavu haramu zinateketezwa baada ya amri.

Operesheni inatazamwa kwa matokeo yanayoonekana, na hakuna kinachoonekana vizuri kuliko moto. Nyavu zinachomwa ufukweni viongozi wakiwa wamesimama na kamera zikiwa tayari. Hapo mambo matatu huharibika. Kwanza, kielelezo kimeteketea kabla hakimu hajakiona, na wakili wa mwenye nyavu ataanzia hapohapo. Pili, kwenye rundo hilo huwa zimo nyavu halali zilizobebwa kwa haraka; mwenye nazo hana karatasi ya kudai fidia, na kuanzia siku hiyo ana deni la nyavu na kinyongo. Tatu, faini inayolipwa mkononi palepale mchangani haina kontroo namba. Hata kama kila shilingi ilifika serikalini, mwaloni wote wataamini haikufika.

Halafu kuna swali la nani anakamatwa. Mtumbwini wamo vibarua. Tajiri mwenye mtumbwi, injini na nyavu yuko mjini. Doria ya alfajiri inawanasa vibarua. Tajiri ananunua nyavu nyingine na kuajiri vijana wengine ndani ya wiki. Kumfikia tajiri kunahitaji daftari la usajili wa mitumbwi, leseni, risiti za dukani na mtu wa kuzifuatilia kwa miezi. Kazi hiyo haina picha nzuri, na kwa uzoefu wa mialo yetu ndiyo inayoachwa nusu.

Mamlaka ya kumweka mtu ndani nayo ieleweke. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kushikiliwa kwa muda usiozidi saa 48. Imekusudiwa mahali ambapo amani inakaribia kuvunjika na hakuna njia nyingine ya kuzuia. Sababu zinatakiwa ziandikwe. Haikuwekwa kwa ajili ya mwenyekiti wa soko aliyebishana kikaoni. Anayemshauri mkuu wa wilaya aanze na swali moja: sababu hii ikiandikwa kwenye karatasi na kusomwa na hakimu, itasimama?

Ziwa limeshajaribu

Uganda ilichagua mlango wa pili waziwazi. Mwaka 2017 Rais Museveni aliliingiza jeshi kusimamia uvuvi Ziwa Victoria. Wenye viwanda vya samaki waliunga mkono, maana samaki wachanga walikuwa wanamaliza malighafi yao. Wavuvi walilalamikia vipigo na kuchomewa mitumbwi, na Bunge la nchi hiyo likalijadili zaidi ya mara moja. Anayesema jeshi halifanyi kitu anakosea. Linafanya, na wa kwanza kunufaika ni wa mwisho kwenye mnyororo, yaani kiwanda. Gharama inabaki mwanzoni mwa mnyororo, kwa mwenye mtumbwi wa kasia.

Upande wetu, Operesheni Sangara ya mwaka 2018 ilichanganya wizara na vyombo vya ulinzi. Nyavu nyingi zilichomwa. Malalamiko ya faini na ya kuchanganya wenye hatia na wasio na hatia yakaingia bungeni, na hapo suala lililotoka mlango wa siasa likarudi kwenye siasa likiwa na majeraha.

Migingo, kisiwa cha Ziwa Victoria kinachogombewa na Kenya na Uganda, ni mfano wa aina yake. Ni jiwe lisilofika hata ekari moja. Ugomvi ulianza na mambo ya kawaida ya mwaloni: nani anakusanya ushuru, nani anatoa leseni, sangara wamo kwenye maji ya nani. Kuanzia mwaka 2004 hivi askari wa Uganda wakawa kisiwani. Kufikia 2009 Wakenya walikuwa wanang'oa reli Kibera kwa hasira, na jambo la ushuru wa samaki likawa la heshima ya mataifa mawili. Tume ya kupima mpaka iliundwa. Lakini swali la ushuru, ambalo maofisa uvuvi wa pande mbili wangeweza kulimaliza mezani, lilishamezwa na bendera.

Kwa wageni kambini, soma Operesheni Kimbunga. Mwezi Julai 2013 Rais Kikwete aliwataka wahamiaji wasio na vibali mkoani Kagera waondoke kwa hiari katika muda wa wiki mbili. Septemba operesheni ikaanza Kagera, Geita na Kigoma. Ujambazi wa kutumia silaha barabarani ulikuwa wa kweli, watu walikuwa wanauawa. Ila wavu ulikuwa wa jicho dogo kuliko kokoro lolote. Ulizoa na watu walioishi huku miongo kadhaa, waliooa, waliozaa, wenye mashamba. Mwezi uliofuata ikaanza Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili. Ilisitishwa mapema Novemba kwa sababu ya vitendo vya kikatili, na tarehe 20 Desemba 2013, baada ya ripoti ya kamati ya Bunge, mawaziri wanne wakaondoka kwa siku moja. Mkuu wa wilaya anayedhani operesheni ni njia salama kisiasa aikumbuke tarehe hiyo.

Wamachinga wa katikati ya jiji la Mwanza wanatufundisha jambo tofauti. Desemba 2016 mgambo walipokuwa wanawaondoa, Rais Magufuli aliamuru wasiguswe mpaka watafutiwe maeneo. Desemba 2018 vikatoka vitambulisho vya shilingi 20,000. Mwaka 2021 wakahamishwa tena, nchi nzima safari hii. Magwanda yalivuliwa na kuvikwa tena, na kila mara ni kwa agizo la kutoka juu. Jambo lililorudishwa kwa agizo bado halijafika kwa madiwani. Linasubiri agizo linalofuata.

Mkutano wa hadhara: saa 48 nyingine

Hili tulipitie upesi kwa sababu sheria yenyewe ni fupi. Sheria ya Jeshi la Polisi inamtaka mwenye mkutano atoe taarifa polisi angalau saa 48 kabla. Taarifa, si ombi. Lakini kwa mazoea taarifa iligeuka kibali, kisha kuanzia mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ikazuiwa kwa sababu za amani na kazi, hadi Rais Samia alipouondoa uzuio huo tarehe 3 Januari 2023. Miaka sita na ushei. Anayepeleka barua ya mkutano leo aandike "Taarifa ya mkutano" kwenye kichwa cha barua, asiandike "Maombi ya kibali". Apate mhuri wa kupokelewa wenye tarehe na saa kwenye nakala yake. Neno moja kwenye kichwa cha barua linampa ofisa mamlaka ambayo sheria haikumpa.

Namna ya kulikata suala

Chukua uvuvi haramu wenyewe. Ndani yake kuna vipande vinne, na kila kimoja kina mlango wake.

Samaki wachanga sokoni: ni kipimo na ukaguzi. Ofisa uvuvi na BMU, rula ya sentimita 50 mezani, risiti.

Nyavu: ni biashara. Zinaingia kwa magari, zinauzwa madukani. Forodha, leseni ya duka, mahakama. Doria ya majini haiwezi kufunga duka.

Wavuvi kuwa wengi kuliko samaki: hii ni siasa tupu. Nani apewe leseni, nani anyimwe, kijana wa Ukara ale nini miezi ambayo ziwa limefungwa. Hakuna askari mwenye jibu, na ukimpa swali hili atalijibu kwa chombo alichonacho.

Majambazi wanaopora injini na nyavu usiku kwa silaha: hapa ndipo pa vyombo. Piga simu polisi, peleka kamati ya usalama, usichelewe. Anayeliita hili "changamoto ya maendeleo" hajawahi kulala ziwani.

Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini, waliibuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu hiyohiyo: wezi wa mifugo walikuwa wa kweli na polisi walikuwa mbali. Chombo hicho kilianzia kwa wananchi, wala si kwa hotuba ya mkubwa. Lakini chombo kilichoanza na wezi wa ng'ombe kilikuja kuamua kesi za uchawi na madeni. Kifaa kikishakuwapo hutafutiwa kazi.

Kwa hiyo ukiwa na suala mkononi, jiulize: kuna mtu atakayekufa au kuporwa kwa nguvu kabla ya kikao kijacho? Kama hakuna, lipeleke mlango wa kwanza hata kama una hasira. Kama yupo, kata kipande hicho tu, kiandikie barua yake, na barua isitaje vipande vingine. Barua inayochanganya majambazi na wauza samaki wachanga huzaa doria inayowachanganya.

Likishaingia, linatokaje

Ni vigumu, maana kumbukumbu za kamati ya usalama ni siri na huwezi kukata rufaa dhidi ya muhtasari usiouona. Njia inayofanya kazi ni ya pembeni. Diwani anauliza swali la maandishi barazani kuhusu fedha: operesheni imetumia kiasi gani cha fedha za halmashauri, faini ngapi zimeingia kwa kontroo namba, kesi ngapi zimefunguliwa na ngapi zimekwisha. Mkurugenzi anapaswa kujibu mambo ya fedha, na majibu hayo yanalirudisha suala kwenye kumbukumbu za wazi.

Operesheni ikiwa bado haijaanza, omba mambo matatu: tarehe ya mwisho, ofisa uvuvi awemo kwenye kila boti, na fomu za kukamata mali zenye nakala tatu, moja ibaki kwa mwenye mali. La kwanza ndilo litakaloleta ubishi. Operesheni isiyo na tarehe ya mwisho huwa doria, doria huwa kituo, na kituo huwa na bajeti yake.

Ikishapita, mtihani unabaki kwa BMU. Wavuvi watakuwa wanaamini kwamba mwenyekiti ndiye aliyetoa majina, na mara nyingine watakuwa sahihi. Taarifa za mavuno zitakuwa pungufu kwa miezi, kwa sababu hakuna atakayesema alivua wapi. Kikao cha kwanza kisianze kwa kusoma orodha ya waliokamatwa. Anzeni kuhesabu mitumbwi upya, mmoja mmoja, mchana, kila mwenye wake akiwa amesimama karibu nao, na daftari lisainiwe na mwenye mtumbwi kabla ya kusainiwa na mwenyekiti.